Uzi: Kupanda Mlinga na kurudi siku hiyohiyo, mlima wa Muheza unaotazama bahari ya Tanga

#1 Mwana_Makorora

Wakuu, salaam.

Kila likizo ikikaribia naona watu wa Tanga mjini wanapanga safari ya Lushoto, wengine wanafunga mizigo hadi Moshi kutafuta mlima. Si vibaya. Ila Mlinga upo hapo Muheza, siku ya anga safi unauona ukiwa barabara kuu, na kati yetu waliowahi kukanyaga kilele chake ni wachache mno. Jambo hili linaniuma. Mtu aliyezaliwa Ngamiani au Chumbageni akikaa juu ya ule mwamba kwa saa moja, ataujua mkoa wake kwa namna ambayo hakuna ramani itakayomwonyesha.

Mlinga ni sehemu ya Usambara Mashariki, ule upande wa Magoroto, safu ya pembeni kabisa inayoelekea baharini. Kimo chake kinazidi kidogo mita 1,000. Anayesikia namba hiyo akaufikiria Kilimanjaro ataona ni kilima tu, lakini huku unaanzia karibu na tambarare ya pwani, na ukishafika juu hakuna kirefu kingine kati yako na maji. Kutoka kileleni hadi Tanga mjini, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 40.

Namna ya kwenda: ondokeni Tanga alfajiri baada ya swala. Magari ya Muheza yanapatikana stendi ya Kange, na njia yote ni lami. Pale Muheza mjini mtakuta bodaboda, waambieni mnakwenda upande wa Magoroto, chini ya mlima. Kutoka hapo ni barabara ya udongo mwekundu yenye kona na mwinuko, na ikinyesha usiku boda nyingi hukataa kupanda. Msibishane nao, wanajua wanachokikataa.

Mkifika kijijini, kabla ya hatua ya kwanza ya mlima, ripotini kwa uongozi wa kijiji na muulize habari ya kibali, maana msitu wa kule juu ni wa hifadhi. Chukueni mwongozaji wa hapohapo. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu njia ya Mlinga haina vibao, na mashambani kuna vijia vingi vinavyoenda kwenye nyumba na visima vya watu.

Sehemu ya kwanza ya kupanda ni mashamba. Mtapita kwenye migomba, mdalasini, pilipili manga iliyopanda juu ya miti, iliki kivulini, na michikichi mirefu ya Magoroto ambayo mizizi yake katika historia inarudi hadi enzi za Wajerumani. Harufu peke yake inatosha kumsahaulisha mtu mwinuko. Kisha mashamba yanaisha na msitu unaanza ghafla. Jua linapungua, ardhi inakuwa na majani yaliyooza na yenye utelezi, joto la Tanga unaliacha nyuma. Hapo ndipo mtasikia hondohondo kabla ya kumwona, maana mabawa yake yana kishindo akikatiza juu ya miti. Mbega nao wapo, weusi wenye manyoya meupe marefu, wakikaa kimya mno hadi mwongozaji awaonyeshe kwa kidole.

Baada ya msitu mnene mnatokea mgongoni. Mgongo wa mlima ni mwembamba, miti inazidi kuwa mifupi na yenye kuvu nyeupe inayoning'inia, upepo unaanza kuvuma, halafu jiwe. Sehemu ya mwisho ni mwamba, na mtatumia mikono. Kwa mtu wa mwendo wa kawaida anayepumzika njiani, hesabuni kama saa tatu kutoka kijijini.

Na juu? Nawaambia kwa mpangilio jicho linavyokwenda. Chini ya miguu kuna msitu. Unaofuata ni ukanda wa mashamba ya machungwa ya Muheza, kijani cha giza chenye vitone vya mabati yanayong'aa. Mbele zaidi mistari ya mkonge imenyooka kana kwamba mtu ameichora kwa rula. Halafu ardhi inakuwa ya kijivu, unaona ghuba ya Tanga inavyoingia ndani ya nchi kavu, na baada ya hapo ni bahari hadi mwisho wa macho. Meli zikiwa zimetia nanga zinaonekana vijiti vidogo tu. Geukeni nyuma mtaona milima ya Amani na mingine imepangana, kijani juu ya kijani.

Mliowahi kupanda ongezeni. Msiowahi, ulizeni.


#2 BintiNgamiani

Asante kaka kwa uzi. Nina maswali matatu ya kweli. Sisi ni kundi la akina dada watano, tunavaa buibui na hijabu, je kuna shida kwenye ule mwamba? Pili, adhuhuri ikitukuta juu, kuna mahali tambarare pa kusalia? Tatu, usalama. Sitaki jibu la "hakuna shida dada", nataka jibu la mtu anayepajua.


#3 Chungwa_la_Muheza

Dada Binti, mimi ni mzaliwa wa huku, nakujibu.

Buibui refu lipunguze. Si kwa sababu watu watakushangaa, la, huku akina mama wanapanda mlimani kila siku na kanga zao wakiwa na mizigo kichwani. Shida ni mwamba. Ukiinua mguu kutafuta pa kukanyaga, nguo ndefu inakaa chini ya kiatu na unavutwa nyuma. Vaa suruali pana ndani, na gauni linaloishia kwenye goti au chini yake kidogo, hijabu funga kwa nyuma isipepee. Upepo wa pale juu una nguvu.

Pa kusalia papo. Kabla ya mwamba kuna sehemu imetulia mgongoni, mwongozaji anaijua. Wengi husalia hapo wakati wa kushuka. Maji ya kutawadha bebeni, juu hakuna chemchemi.

Usalama: mkiwa na mwongozaji aliyeandikwa kijijini, kuna mtu anajua mmepanda wangapi na mnatakiwa kushuka wangapi. Huo ndio usalama wenyewe. Wanaopotea ni wanaopita vichochoro ili wasilipe.

Na la nyongeza ambalo mleta uzi hakuligusa: upupu. Pembezoni mwa mashamba upo, hasa maganda yake yakishakauka. Msishike mimea ovyo mkitafuta pa kujishikilia. Ukikugusa usijikune na usikimbilie kumwagia maji, futa kwanza na majivu au udongo mkavu, ndivyo tunavyofanya sisi. Na siafu mkiwaona wanakatiza njia, rukeni msisimame. Nyoka nao wapo, kifutu hasa, yeye hakimbii mtu, analala kwenye majani. Tazameni mnapoweka mguu.


#4 BintiNgamiani

Hapo umenijibu kaka yangu. Allah akulipe.


#5 Mtu_wa_Duga

Mkuu mleta uzi, mimi nimekwenda Irente kule Lushoto na niliambiwa siku ya anga safi unaona bahari. Sasa Mlinga ina tofauti gani?


#6 Mwl_Jiografia

Aliyekuambia hivyo hakukuambia sahihi. Irente iko ukingoni mwa Usambara Magharibi na inatazama bondeni upande wa Mazinde na nyika ya Wamasai. Ni mandhari nzuri mno, lakini bahari imeipa mgongo. Mlinga inatazama mashariki. Tofauti hiyo si ndogo, ndiyo inayoamua hata mimea.

Niruhusuni nieleze kidogo kwa sababu somo hili nalipenda. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi umebeba mvuke. Ukivuka tambarare ya Tanga hauna kizuizi hadi ukute Usambara Mashariki. Hapo unalazimika kupanda, na hewa ikipanda inapoa, kwa wastani kama nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000. Ikishapoa haiwezi kushika mvuke wote, basi inatoa mawingu na mvua. Ndiyo maana Amani hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na ukipita upande wa pili wa milima, Mkomazi huko, unakuta miiba na vumbi. Upepo ni uleule, umeshajimwaga huku.

Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, linaloanzia Taita kule Kenya hadi Udzungwa na Mahenge. Mawe yake ni ya kale mno, na si ya volkano kama Kilimanjaro. Kwa kuwa bahari imekuwa ikiinyeshea kwa mamilioni ya miaka, hata nyakati ambapo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka, misitu hii haikukatika, na ndani yake wakabaki viumbe wasiopatikana kwingine. Wengi wenu mmewahi kuona lile ua dogo la zambarau la vyungu ambalo Wazungu wanalipenda madirishani. Asili yake ni hapa. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota mimea yake na kuipeleka Ujerumani, na mwaka uliofuata likaingizwa vitabuni kwa jina lake, Saintpaulia. Aina mojawapo baadaye ilipewa jina la Tongwe, mlima mwingine wa hapohapo Muheza. Leo linauzwa dunia nzima kwenye vikopo, wakati mama yake anaota kwenye mawe yenye kivuli huku kwetu, na akikatiwa kivuli anakufa.


#7 Mvuvi_Mwambani

Mwalimu shikamoo. Uzi huu nimeusoma kwa furaha kwa sababu nyinyi mnaongelea kuona bahari kutoka mlimani, mimi maisha yangu yote nauona mlima kutoka baharini.

Sisi wavuvi mlima ni alama. Ukiwa umepata mwamba wenye samaki huko nje, unatazama nchi kavu. Unatafuta kitu cha karibu, mnazi mrefu au mnara, unakilinganisha na mlima ulio nyuma yake, hiyo ni alama ya kwanza. Unageuka upande mwingine unatafuta alama ya pili. Zikikutana mbili, uko juu ya mwamba wako, tia nanga. Hiyo marehemu baba alinifundisha kabla sijajua kusoma. Sasa vijana wana simu zenye ramani, lakini simu ikiloa au ikiisha chaji mlima haujaisha chaji.

Nataka kumsahihisha mleta uzi kwenye muda, kwa heshima. Bahari na mlima vinaonana vizuri zaidi asubuhi mapema, kabla ya saa nne. Usiku upepo wa umande unatoka nchi kavu kwenda baharini, unasafisha. Jua likishapanda, nchi kavu inapata moto, upepo unageuka unatoka baharini, na hapo mlima unaanza kujifunika. Siku nyingi kufika saa tano mimi siuoni tena, naona wingu limekaa mahali pake. Ikiwa mtaondoka Tanga baada ya swala, mkakaa Muheza kutafuta boda, mkapanda saa tatu, mtafika juu mkute ukungu. Laleni Muheza.


#8 Mwana_Makorora

Mzee wangu nashukuru, hilo la upepo wa umande limenifungua macho. Ila kulala Muheza kunaongeza gharama, na uzi huu nimeulenga kwa mtu wa kwenda na kurudi. Mimi siku zote nimeondoka Tanga kabla hakujapambazuka na kufika juu mnamo saa nne, na nimeona bahari. Kwa kundi kubwa lenye watoto nakubaliana nawe, lala.


#9 Chungwa_la_Muheza

Mimi nina hoja tofauti na nyinyi wote wawili. Asubuhi jua liko mbele ya uso wako, kwa kuwa unatazama mashariki. Bahari unaiona, ndiyo, lakini unaiona kama bati jeupe. Hutofautishi kisiwa na kivuli cha wingu. Jioni jua likiwa mgongoni, na kama mvua imenyesha mchana ikaosha anga, ndipo bahari inakuwa ya buluu, unaona rangi ya maji ya miamba na rangi ya maji ya kina, na majengo ya mjini yanang'aa. Niliyoyaona siku ya namna hiyo sijayaona asubuhi yoyote.


#10 Mwl_Jiografia

Wote mna haki, na jua halitabadilisha njia yake kwa ajili yetu. Lakini Chungwa, wewe nyumbani kwako ni chini ya mlima. Mgeni akisubiri mwanga wa jioni, atashuka mwamba na msitu gizani, na hapa kwetu giza haliji polepole, saa moja kasoro jua limezama, saa moja na robo huoni mkono wako chini ya miti. Kwa safari ya siku moja nashauri kupanda mapema, na juu msiwe na haraka. Mkikuta ukungu, kaeni. Mara nyingi hufunguka na kufunga. Mwisho wa kukaa juu iwe saa nane, saa nane na nusu. Hapo jua limeshaanza kuelekea mgongoni kwenu na mwanga wa kushukia bado upo wa kutosha.


#11 Kijana_wa_Pongwe

Kuna jamaa yangu anaapa aliiona Pemba kutoka Mlinga. Mimi nasema alitazama wingu.


#12 Mwl_Jiografia

Tupige hesabu, kijana wangu, usimwite mwongo kabla ya hesabu.

Dunia ni mviringo, kwa hiyo upeo wa macho una kikomo kinachotegemea kimo chako. Kanuni nyepesi: chukua kipeuo cha pili cha kimo chako kwa mita, zidisha kwa 3.57, unapata kilomita. Mtu aliyesimama ufukweni Raskazone, macho yake yakiwa chini ya mita 2 juu ya maji, upeo wake hauzidi kilomita 5. Hapo ndipo bahari yake inaishia, yote anayoiona ni hiyo. Kwenye mita 1,000 kipeuo cha pili ni kama 31.6, ukizidisha unapata kilomita 113.

Kutoka Mlinga hadi pwani ya magharibi ya Pemba ni kama kilomita 100. Kwa hesabu, basi, Pemba imo ndani ya upeo, na vilima vyake vinaongeza kidogo. Kinachoizuia siku nyingi si umbo la dunia, ni unyevu na moshi wa mashamba unaokaa juu ya tambarare. Jamaa yako kama alipanda baada ya mvua kubwa ya usiku, yawezekana kabisa.

Na mzee wetu mvuvi hapo juu ndiye ushahidi wa upande wa pili. Yeye amekaa ngalawani, macho yake hayafiki mbali, lakini mlima umesimama mrefu kiasi kwamba anauona akiwa nje kabisa, wakati pwani yenyewe imeshazama.


#13 Mvuvi_Mwambani

Ni kweli mwalimu. Unapotoka mbali unarudi, wa kwanza kuonekana ni mlima, minazi inakuja baadaye sana. Sikujua kama kuna hesabu yake.


#14 Mzalendo_wa_Magila

Nimesoma kimya hadi hapa, sasa nasema. Sipendi nyuzi za namna hii. Mahali pakishatangazwa panaharibika. Mtaleta makundi, spika za muziki, chupa za plastiki, watu wa kuchora majina kwenye mawe, na kuna siku mtu atawasha moto wa kuchomea nyama kiangazi. Mlima ule kwa Wabondei si uwanja wa mapumziko. Wazee wetu waliuheshimu, watu walikuwa hawapandi bila kuaga, na hayo ndiyo yaliyoulinda kabla hakujawa na ofisi yoyote ya misitu. Mwacheni aliye na haja na mlima autafute mwenyewe.


#15 Mwana_Makorora

Mkuu wa Magila, hoja yako ni nzito na sitaipita juujuu.

Hayo ya spika na moto nakuunga mkono kwa asilimia zote, na mtu wa namna hiyo asipande. Kuhusu kuaga, ndiyo maana nilianza na uongozi wa kijiji, na mwongozaji akisema hapa tunyamaze, tunanyamaza, hapa msikae, hatukai. Mimi ni Mdigo, si mlima wa babu zangu, ninaingia kwa watu.

Lakini sikubali kwamba kimya kinaulinda. Nakukumbusha dhahabu. Mwisho wa mwaka 2003 ilipopatikana dhahabu huko Sakale, ndani ya milima hiihii, watu walimiminika kwa maelfu wakachimba hadi kwenye mito. Maji ya Zigi yalichafuka. Na Zigi ndio mto unaoingia bwawa la Mabayani, na Mabayani ndiyo maji tunayokunywa Tanga mjini. Wangapi mjini walijua kwamba tope kwenye ndoo yao limetoka msituni Amani? Wengi walidhani bomba limepasuka. Mtu ambaye hajawahi kukaa juu akaona kwa macho yake msitu uko wapi, mto unapita wapi na mji umekaa wapi, ukimwambia "msitu umevamiwa" anasikia habari za mbali. Akishaona, ni habari ya jikoni kwake.

Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani mkopo wa wawekezaji kwa kazi za mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 kupitia soko la hisa. Fedha zote hizo ni za kupanua maji na kulinda chanzo chake. Tumefika mahali watu wa mbali wanaweka mitaji yao kwenye maji ya milima hii, na sisi tunaoyanywa hatujui hata njia ya kupanda. Hilo ndilo linalonisukuma niandike.


#16 Kipepeo_wa_Amani

Mimi naishi upande wa Amani, niseme neno kwa niaba ya wanaoishi na msitu, maana hapa wamezungumza wa mjini na wa baharini.

Mkiwa juu mnaona kijani kimeungana mnafurahi. Jueni kwamba kuungana kwake kuna watu waliolipia. Pale Derema wakulima walikuwa na iliki zao chini ya miti, wakatakiwa kuziachia ili misitu miwili ishikane, wanyama wapite. Fidia ilitolewa, lakini mti wa iliki unaolisha nyumba mwaka baada ya mwaka haufanani na fedha inayoshikwa mara moja. Wapo waliojipanga upya wakafuga vipepeo wa kuuza nje wakiwa bado pupa, jambo ambalo lilianza kwetu zaidi ya miaka 20 iliyopita, na hilo linahitaji msitu ubaki kusimama, maana mbegu na majani ya kuwalisha yanatoka humo. Wapo wakulima wa Kihuhwi na Zigi waliounda umoja wao, UWAMAKIZI, wakaacha kulima kingo za mto, wakapanda miti na matuta ya majani. Kila ndoo inayojazwa Tanga ina jasho la mtu wa huku.

Kwa hiyo mkija, kuleni kwetu. Msije na kila kitu kutoka mjini mkaacha huku takataka tu. Nunueni ndizi, nunueni iliki, mlipeni mwongozaji bila kumbana hadi shilingi ya mwisho. Mzalendo wa Magila, ndugu yangu, kijana wa kijijini anayepata riziki kwa kutembeza watu mlimani ana sababu ya kuulinda mlima usiku na mchana.


#17 Mzalendo_wa_Magila

Nimekusikia, na la Derema limenigusa kwa kuwa nina jamaa huko. Sharti langu ni moja: makundi yawe madogo. Kumi wasizidi. Ule mgongo ni mwembamba, watu wakiwa wengi wanatanua njia, mvua ikija udongo unakwenda.


#18 Mwana_Makorora

Kumi ni namba nzuri, naichukua. Kila kundi nitakalolipeleka halitaizidi hiyo.


#19 Mtu_wa_Duga

Sasa mbona mimi mguu wangu hauko imara sana. Umri umekwenda, goti moja linauma kwenye mteremko. Hakuna njia nyepesi ya kuona bahari kutoka kwenye milima hiyo?


#20 Kipepeo_wa_Amani

Shikamoo mzee. Kwa goti, Mlinga usiupande, hasa kushuka ule mwamba. Njoo Amani. Gari linafika hadi juu kwa barabara inayopita Zigi, na ukiwa hapo kuna njia ya kilima cha Mbomole ambayo ni ya taratibu, inapita pembeni ya mashamba ya chai na msituni. Bahari kwa Amani iko mbali zaidi na inategemea sana anga, nisikuahidi. Lakini utaiona tambarare yote ya Muheza, na kituo cha utafiti walichokianzisha Wajerumani mwaka 1902 pamoja na bustani yake ya miti kutoka kila pembe ya dunia kiko palepale. Chukua fimbo na mjukuu wa kushikana naye mkono.


#21 BintiNgamiani

Nimerudi. Kundi letu limekubaliana, tumebaki na swali la mwezi. Wengine wanataka Desemba kwa sababu ya likizo.


#22 Chungwa_la_Muheza

Desemba dada ni kubahatisha. Vuli inaweza kuwa bado haijaisha, na ikiisha linakuja joto la kaskazi, anga inakuwa na ukungu wa joto na kupanda kunachosha, mtamaliza maji kabla ya msitu. Machi hadi Mei msiguse, masika yale, udongo mwekundu unakuwa sabuni na boda hazipandi. Mwisho wa Juni na Julai ndio wakati wangu. Masika imeshaosha anga, jua halichomi, asubuhi kuna baridi hadi mtataka sweta. Mvua za rasharasha za kusi zipo, kwa hiyo simu zifungeni kwenye mfuko wa nailoni.

Maji lita mbili na nusu kila mtu, msipunguze. Viatu viwe na meno, raba laini zile za kutembelea mjini ziacheni. Chapati na mayai ya kuchemsha vinakaa vizuri tumboni kuliko wali. Na machungwa msibebe kutoka mjini. Mwezi huo yameiva, mtayakuta barabarani Muheza kwa bei ya shambani, nunueni asubuhi mkipita. Mkipanga tarehe andika hapa, nitaongea na mwongozaji kijijini awasubiri saa kumi na mbili na nusu.


#23 BintiNgamiani

Tumekubali Julai, Jumamosi ya pili. Tutakuwa watano, labda sita kama dada yangu wa Pangani atafika. Tutalala Muheza kama mzee mvuvi alivyosema, tupande mapema.


#24 Chungwa_la_Muheza

Sawa. Sita nimeandika.